Makombo ya Hostia

Saa kumi na mbili kasorobo, Kibosho bado imejifunika ukungu,
naweka kidumu cha maziwa kwenye kabati la kuzunguka,
nagonga mara mbili.
Mbao zinalia. Kidumu kinageuka, kinaingia ndani.
Hatuonani.
"Tumsifu Yesu Kristo," inasema sauti.
"Milele na milele, amina," najibu, kisha naongeza,
maana sauti ni ya Eligia, dada yangu, tumbo moja:
"Beberu wa Mzee Mlay kaingia tena kanisani."
Kimya. Halafu kicheko kidogo, kile kile
alichokuwa akikiziba kwa kanga tukiiba ndizi mbivu darini.

Humo ndani anaitwa Sista Desideria.
Aliingia na miaka ishirini na miwili,
mwaka bei ya kahawa ilipoanguka
na baba akang'oa mibuni ya nusu ya kihamba.
Mama alimfungia sanduku: mashuka mawili, sabuni ya mche,
viatu vya raba vya bustanini.
Mlango ulifungwa taratibu, bila kishindo,
mama akabaki anakitazama kitasa
kama mtu aliyesahau alichofuata.

Kazi yake ni hostia.
Unga wa ngano na maji, basi. Chumvi hakuna, hamira hakuna.
Anakoroga, anamimina kwenye chuma cha moto,
anakibana, anahesabu Salamu Maria moja;
ikizidi, inaungua.
Umeme ukikatika anahamia kwenye mkaa.
Vidole vyake niliviona mara moja, kwenye wavu wa chumba cha wageni:
mabaka meupe, moto wa miaka thelathini.
Usiku wa manane wanaamka kuimba zaburi.
Mimi nikisikia kengele nageukia ukutani.
Usingizi wangu ameukesha yeye.

Mama alipofariki, hakuja.
Jeneza tulilipitisha njia ya ukuta wao, makusudi.
Wazo lilikuwa langu. Nilitaka asikie miguu yetu.
Kengele haikulia.
Mfongo tu, ule mfereji wa mababu unaopita chini ya ukuta,
uliendelea kuingia na kutoka
bila kumwomba mama mkuu ruhusa.
Nilifukia kaburi kwa hasira, udongo ukaniingia viatuni.
Miezi kumi na mmoja maziwa nikayauza hotelini, Moshi mjini.

Kisha Ijumaa moja Gaudensi, kitinda mimba wangu,
akarudi na mfuko wa makombo,
yale yanayobaki hostia zikishakatwa:
meupe, membamba, matundu matupu ya mviringo.
Watoto wa shule huyapangia foleni getini.
Ndani ya mfuko lilikuwemo jani la sale, limefungwa fundo.

Wewe usiye wa mlimani, nikueleze:
sale likiletwa, hata na aliyekuchomea nyumba,
unakaa chini, unasamehe. Halikataliwi.
Nilikaa nalo kwenye ngazi ya jikoni.
Nikatafuna kombo moja. Halina ladha,
linaganda kwenye kaakaa, linayeyuka likitaka.
Ndipo nikapiga hesabu ambayo sikuwahi kuipiga:
ile Alhamisi ya mwisho, padre alipomletea mama komunyo,
kilichowekwa ulimini mwake kilitoka kwenye chuma kile.
Uji wangu aliutema siku ile, vijiko vitatu.
Kile alikimeza.

Sijui kama inatosha. Siku nyingine naona haitoshi.
Lakini kesho yake nilikamua mapema,
nikaweka kidumu na jani lile lile,
fundo nimelifungua.
Mbao zikalia.
"Tumsifu Yesu Kristo."
Koo likanikwama.
Akangoja. Kungoja wanakujua hao.
Kisha akauliza, kwa Kichagga cha nyumbani,
kama yule ng'ombe mwekundu bado anapiga ndoo teke.